Panga Safari Kuanzia Kurudi: Baiskeli katika Milima ya Olenguruone

Mtu akifika Olenguruone na baiskeli kwa mara ya kwanza, swali lake huwa: ni kilomita ngapi? Mwea au Ahero, kwenye mashamba ya mpunga na ardhi iliyolala, jibu la swali hilo linatosha kupangia siku. Huku juu Kuresoi Kusini, ni nusu tu ya habari. Kilomita kumi za kuteremka upande wa Kiptagich hazimalizi nusu saa. Zigeuze hizo hizo, uje nazo ukipanda, na zitakula saa nzima, pengine zaidi, ukihesabu nguzo za stima moja baada ya nyingine.

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Olenguruone imeigeuza methali hiyo. Mji uko juu, ukingoni mwa msitu wa Mau, zaidi ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Ukitoka kuelekea Silibwet na Bomet, barabara inakuteremsha asubuhi ungali na nguvu, kisha inakungoja mchana urudi umechoka. Kushuka ni raha. Kurudi ndio ngoma. Kwa hiyo ushauri wote ulio hapa chini unatoka kwenye kanuni moja: panga safari kuanzia mwisho. Jiulize kwanza utarudije, ndipo uulize utaenda wapi.

Wastani ni upi?

Safari ya wastani, kwa mtu mwenye afya ambaye si mwanariadha, ni ile inayomwacha na nguvu ya kuoga, kula na kupiga soga jioni. Kwa milima ya huku, hiyo ni kilomita 30 hadi 50, yenye jumla ya kupanda mita 400 hadi 700, inayochukua saa tatu au nne pamoja na kupumzika.

Angalia neno jumla. Kinachochosha si tofauti ya mwinuko kati ya mwanzo na mwisho, bali kila kipande cha kupanda kikijumlishwa na kingine. Miji miwili inaweza kuwa kwenye mwinuko unaokaribiana, na bado barabara kati yao ikakupandisha mamia ya mita kwa sababu inatumbukia katika kila bonde na kutoka tena.

Ukishapata jumla hiyo, igawanye kwa kilomita za safari. Ikitoka mita 10 kwa kila kilomita, hiyo ni njia ya wastani hata kwa mtu aliyeanza juzi. Mita 15 ni milima halisi, lakini mtu mwenye mazoezi ya kawaida ataimudu. Ikifika 20 au zaidi, punguza kilomita au tafuta njia nyingine, hasa kama mnaenda kikundi chenye wageni wa baiskeli.

Kisha badilisha kila kitu kiwe muda. Chukua mwendo wako wa kawaida kwenye tambarare, halafu ongeza dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda. Tuseme njia ina kilomita 36 na kupanda mita 540. Kwa mwendo wa kilomita 18 kwa saa, tambarare peke yake ni saa mbili. Kupanda kunaongeza dakika 54. Weka dakika 40 za chai, picha na pancha. Jumla ni kama saa tatu na nusu. Ukiondoka saa moja asubuhi, unarudi saa nne na nusu. Usipunguze chochote kwa ajili ya miteremko: dakika unazookoa ukishuka ni chache kuliko unavyodhani, na nyingine utazitumia kwenye breki.

Anayetoka Mombasa au Malindi aongeze jambo moja kwenye hesabu. Kwenye mita 2,500, kila pumzi inakupa kama robo tatu tu ya oksijeni unayoipata ukiwa pwani. Moyo utaenda mbio kwenye kilima ambacho mwenyeji anakipanda akiongea na simu. Jipe siku moja ya kutembea tu kabla ya kupanda baiskeli, na safari ya kwanza iwe nusu ya ulivyozoea.

Soma maji kabla ya barabara

Mvua inayonyesha upande huu wa Mau huishia Ziwa Victoria. Mto Amala na Mto Nyangores, inayozaliwa katika msitu huu, inakutana huko chini na kuwa Mto Mara. Vijito vingine vinaingia mto Sondu. Maji, basi, yanakata milima yakielekea magharibi na kusini-magharibi, na kila mkondo umechimba bonde lake.

Ukilijua hilo, unaweza kukisia tabia ya barabara kabla ya kuiona. Barabara inayokwenda sambamba na maji, juu ya mgongo wa kilima kati ya mabonde mawili, hushuka kwa muda mrefu bila kukatizwa, na ukirudi hupanda vivyo hivyo. Ndivyo ilivyo barabara ya Olenguruone kwenda Silibwet kupitia Kiptagich. Barabara inayokata maji hutumbukia katika kila bonde: unashuka hadi darajani, unapanda, unapata pumzi, unashuka tena. Ndivyo ilivyo barabara ya kwenda kaskazini, Keringet na Molo.

Kwa safari ya wastani, barabara inayokata maji ndiyo rafiki. Vilima vyake ni vingi lakini vifupi, na kila kimoja kinafuatwa na mteremko wa kupumzikia. Zaidi ya yote, kurudi kwake kunafanana na kwenda kwake. Ukiona umeshindwa baada ya kilomita nane, unageuza ukijua kabisa kilicho mbele yako, kwa maana umetoka kukipita.

Ramani, simu na miti iliyokwisha kukatwa

Programu za simu kama Strava, Komoot na Ride with GPS hukuchorea njia na kukuonyesha mchoro wa mwinuko. Zitumie, lakini ujue zinakotoa habari. Programu nyingi za namna hii zimejengwa juu ya vipimo vya rada vilivyochukuliwa Februari 2000 na chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, vikigawa dunia katika viraba vya mita 30 kwa 30. Kilima kifupi kikali cha kuingia na kutoka darajani kinaweza kumezwa ndani ya kiraba kimoja, kisionekane kabisa.

Tena rada ile haikupenya vizuri msitu mnene. Mara nyingi ilipima karibu na vilele vya miti. Mwaka uliofuata, 2001, serikali iliondoa makumi ya maelfu ya hekta za Mau kutoka kwenye hadhi ya msitu, na pengi palipokuwa na miti siku rada ilipopita, leo pana viazi na mahindi. Ndiyo maana mchoro wa simu, hasa ukingoni mwa msitu, huenda ukakuonyesha kijilima ambacho kilikuwa miti. Ukiona mstari wa mwinuko unaruka juu na chini kama meno ya msumeno mahali ambapo barabara ni nyoofu, usiogope wala usiamini. Chukulia jumla ya kupanda kama makadirio, na uongeze sehemu moja ya kumi kwa usalama.

Kwa anayependa karatasi, ramani za Survey of Kenya za kipimo cha 1:50,000 zingali na thamani kubwa kwa umbo la ardhi, hata kama barabara na mashamba yamebadilika. Sentimita mbili juu ya ramani ni kilomita moja ardhini. Kama kontua zimechorwa kila mita 20, hesabu ngapi zinakata barabara ndani ya sentimita mbili hizo. Kontua mbili ni mwinuko wa asilimia 4, unapanda huku unaongea. Nne ni asilimia 8, unanyamaza. Tano au zaidi, wengi hushuka na kukokota baiskeli, na hakuna aibu yoyote katika hilo.

Pakua ramani kwenye simu kabla ya kuondoka, maana mtandao hukatika mabondeni, na betri huisha haraka simu inapotafuta mnara kwenye baridi.

Muulize mtu wa pikipiki

Hakuna programu inayoijua barabara kama kijana wa bodaboda anayeipita kila siku akiwa amebeba abiria wawili na gunia la viazi. Shida ni namna ya kumuuliza. Ukimwuliza kama ni mbali, atakujibu kwa ukarimu: si mbali, ni hapo tu. Ukimwuliza kama kuna mlima, atasema ni kidogo, kwa kuwa kwa injini yake kweli ni kidogo.

Muulize vitu ambavyo yeye mwenyewe huvipima. Ukiwa umebeba, ni wapi unarudi gia ya kwanza? Hapo ndipo nawe utakaposhuka na kukokota. Nauli ya kwenda ni ngapi, na mvua ikinyesha inapanda hadi ngapi? Nauli ikipanda sana, jua kuna kipande cha udongo kinachoteleza. Ni wapi lori hukwama? Wapi kuna matuta ambayo hayajapakwa rangi? Majibu ya maswali haya manne, kutoka kwa watu wawili tofauti pale stejini, yana thamani kuliko saa nzima ya kutazama picha za setilaiti.

Njia tatu za kuanzia

Ya kwanza, na ndiyo ninayomshauri mgeni, ni Olenguruone hadi Keringet na kurudi. Kila upande ni kama kilomita 15 hadi 20, kutegemea unapoanzia na unapogeuzia. Ni vilima vya kupanda na kushuka, mashamba ya chai, viazi, mahindi na malisho ya ng'ombe wa maziwa. Wakenya wengi walilijua jina la Keringet kutoka kwenye chupa ya maji kabla ya kujua kuwa ni mahali. Ukifika, kuna hoteli za chai na chapati na mafundi wa pikipiki wanaoweza kukuokoa ukipata pancha. Hapo katikati ya safari ndipo pa kukaa, si mwisho.

Ya pili ni kuelekea Kiptagich na kurudi. Ndiyo inayopendeza macho zaidi: chai imetandazwa juu ya miteremko, na nyuma yake msitu. Mpango wa Nyayo Tea Zones, ulioanza 1986, ulipanda ukanda wa chai kwenye kingo za misitu ya nyanda za juu ili uwe ua kati ya msitu na mashamba, na Mau ni miongoni mwa misitu hiyo. Lakini hii ndiyo njia ya kushuka kwanza, kwa hiyo iendee kwa saa na si kwa kilomita. Gawa muda wako mara tatu: theluthi moja ya kwenda, theluthi mbili za kurudi. Kama umejipa saa tatu, saa moja ikiisha unageuza, uwe umefika ulikotaka au hujafika. Mandhari yatazidi kukuita chini. Usiyafuate; kila pembe unayoikata inaongezwa kwenye deni la kurudi.

Ya tatu ni safari ya upande mmoja. Panda matatu asubuhi hadi Molo, baiskeli ikiwa juu ya keria, kisha rudi Olenguruone kwa miguu yako, karibu kilomita 50 za lami kupitia Keringet. Hii inakaa kwenye ukingo wa juu wa wastani, lakini ina faida moja kubwa: kila kilomita inakukaribisha nyumbani. Hata ukiishiwa nguvu Keringet, unapandia matatu inayoelekea uendako. Wenye miguu ya chuma wanaweza kufanya hivyo hivyo kutokea Silibwet, wakipanda hadi Olenguruone; hiyo si ya wastani tena, nami siipendekezi kwa safari ya kwanza. Wasiotaka kupanda kabisa wanaweza kuteremka hadi Silibwet na kurudi kwa matatu, ila wathibitishe kabla kwamba gari linalobeba baiskeli lipo saa hiyo.

Kuhusu matatu: patana na makanga bei ya baiskeli kabla haijapandishwa juu, si baada. Ifunge mwenyewe kwa kamba yako ya mpira, upande wa cheni ukiangalia juu, na uondoe pampu na chupa.

Saa na mvua

Olenguruone haina ukame wa kutegemea. Miezi yenye nafuu ni Desemba hadi Februari. Kuanzia Aprili hadi Agosti mvua ni ya kawaida. Hata hivyo, kinachoamua siku yako ni saa kuliko mwezi. Asubuhi mara nyingi ni shwari, yenye ukungu mabondeni. Mawingu hukusanyika baada ya saa sita, na mvua huja alasiri, wakati mwingine na mawe.

Kwa hiyo panga uwe umerudi saa saba mchana, ukiacha nafasi ya saa moja ya matatizo. Jua huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu. Usiondoke gizani ili kuwahi: ukungu na giza vikikutana, dereva wa lori hakuoni hata ukiwa na taa. Saa moja au moja na robo panafaa. Wakati huo pikipiki za maziwa zinakimbia na mitungi kuelekea vituo vya kupokelea, na huwa hazina subira; wape nafasi. Malori ya majani chai huzidi kuanzia mchana, sababu nyingine ya kuwa umeshafika.

Mvua ikikukuta, lami yenyewe si adui. Adui ni udongo ambao trekta na magari yameuleta juu ya lami kutoka mashambani. Udongo wa hapa umetokana na majivu ya volkeno, una rutuba ya ajabu, na ukilowa unateleza kama sabuni. Utazame kwenye kila njia panda ya shamba na kwenye milango ya vituo vya kununulia chai, na punguza mwendo kabla ya kuufikia, si ukiwa juu yake. Barabara za maramu zinazochepuka kuelekea msituni ziachie miezi mikavu.

Baiskeli na mzigo

Black Mamba, yenye gia moja, imebeba nyasi, maziwa na wachumba katika nchi hii kwa miongo mingi, na inaweza kupita hapa, mradi mwenyewe awe tayari kukokota. Lakini kwa starehe, tafuta baiskeli ambayo gia yake ndogo kabisa ina meno sawa mbele na nyuma, kwa mfano 34 kwa 34, au machache zaidi mbele. Kwa gia hiyo, ukizungusha pedali mara 60 kwa dakika, unasonga kama kilomita saba na nusu kwa saa, mwendo unaoweza kuudumisha kwenye kilima bila kusimama juu ya pedali. Gia ikiwa kubwa kuliko hapo, magoti ndiyo yatakayolipa.

Chagua tairi pana kiasi, milimita 32 au zaidi, kwa ajili ya mashimo na kingo za lami zilizomegeka. Kabla ya siku yenyewe, mpelekee fundi akague vitu vitatu: breki, breki na cheni. Mpira wa breki uliokwisha hautaonekana ukiwa Nakuru mjini. Utaonekana katikati ya mteremko wa Kiptagich.

Mzigo uwe mdogo: tyubu moja ya akiba, viraka na solusheni, pampu, spana ya gurudumu kama lina nati, jaketi ya mvua, rifleksa, helmeti, taa ya nyuma nyekundu, chupa mbili za maji, ndizi au viazi vilivyochemshwa, pesa taslimu kidogo pamoja na M-Pesa. Kunywa kama nusu lita kwa saa hata kama baridi inakudanganya huna kiu. Paka mafuta ya kukinga jua. Juu huku jua huunguza kuliko unavyohisi.

Kuteremka bila kujuta

Watu hujiandaa kwa kupanda, lakini ajali nyingi mbaya hutokea kwenye mteremko. Hata wenye ujuzi hawako salama. Suleiman Kangangi, nahodha wa timu ya Amani na mmoja wa waendesha baiskeli bora waliowahi kutoka Kenya, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mashindano ya Vermont Overland huko Marekani, kwenye barabara ya changarawe.

Kabla ya mteremko mrefu, simama. Vaa jaketi juu, na kama asubuhi ni baridi, ingiza ukurasa wa Taifa Leo kati ya shati na jaketi kifuani. Waendesha baiskeli wa Ulaya walifanya hivyo kwenye milima ya Alps kabla vitambaa vya kisasa havijaja, na bado gazeti linafanya kazi. Jaribu breki zote mbili. Kisha shuka ukibana na kuachia, kubana na kuachia, ili mpira na ringi visipate moto. Punguza mwendo kabla ya kona, ukiwa bado wima, na ndani ya kona usiguse breki ya mbele ghafla. Tazama mbali, si kwenye gurudumu lako: tuta, ng'ombe, mtoto anayevuka kwenda shule na shimo vyote hutokea ghafla baada ya kona. Mwendo sahihi ni ule unaokuwezesha kusimama ndani ya umbali unaouona. Ukungu ukiufanya umbali huo kuwa mita ishirini, basi mwendo ni wa kutembea.

Shika kushoto, lakini usijibane kabisa kwenye ukingo. Ukingo wa lami ukikatika ghafla hauna pa kukupokea. Mkiwa kikundi, nendeni mstari mmoja na mwachiane nafasi ya magari mawili kwenye miteremko.

Adabu za njiani

Salamu hufungua njia. Chamgei inajibiwa vizuri karibu kila mahali hapa, na Kiswahili kinatosha kwa mengine. Mzee akiwa kando ya barabara, punguza mwendo umsalimie kabla ya kumwuliza njia; ukimpigia kelele ukiwa unapita, utajibiwa hivyo hivyo.

Jambo moja linahitaji uangalifu wa pekee. Ardhi hapa ni suala zito. Kuanzia 1941 serikali ya kikoloni iliwaweka Olenguruone Wakikuyu waliohamishwa kutoka ardhi ya Wamaasai. Walikataa masharti waliyowekewa, wakafukuzwa kufikia 1950, wengi wakapelekwa Yatta. Kiapo cha umoja walichokula hapa wanahistoria wanakitaja kama moja ya chimbuko la Mau Mau. Tangu hapo Mau imeona ugawaji, uhamisho na kesi, ikiwemo ya Waogiek iliyoamuliwa kwa upande wao na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu tarehe 26 Mei 2017. Mgeni anayesimama ukingoni mwa shamba akielekeza kifaa cha setilaiti na kupiga picha za mipaka anaweza kudhaniwa kuwa mpimaji. Sema wewe ni nani, eleza unapita tu na baiskeli, omba ruhusa kabla ya picha, na usiingize baiskeli msituni au shambani bila mwenyeji.

Karatasi ya mfukoni

Jioni ya kabla ya safari, andika mistari mitano kwenye karatasi na umwachie nakala mtu wa nyumba unayolala: njia na unapogeuzia, jumla ya kilomita na mita za kupanda, saa ya kuondoka, saa ya kugeuza na saa ya kurudi, namba za simu za wote mnaoenda, na mahali pa msaada. Kwa Olenguruone hospitali ya kaunti ndogo ipo mjini, Molo kuna nyingine, na upande wa Bomet kuna Tenwek. Namba za dharura ni 999 na 112.

Katika mistari hiyo, saa ya kugeuza ndiyo isiyopatanishwa. Isomeni kwa sauti mbele ya kikundi kabla ya kuondoka, na mpeni mtu mmoja kazi ya kuitangaza, ikiwezekana yule aliye dhaifu zaidi kwenye vilima. Yeye ndiye anayelipa mkichelewa, kwa hiyo yeye ndiye asiyeshawishika na kona moja zaidi.